Matokeo ya Exetat yakitoka, shimo lingoje

Wazazi wenzetu wa Misisi, Lubichako, Fizi na Baraka, wote tunajua namna inaendaga. Exetat yenyewe inaisha kwa siku nne, lakini kungojea matokeo ni wiki na wiki. Tena hayatoki siku moja kwa nchi nzima. Yanatoka jimbo kwa jimbo, opsio kwa opsio: leo ni pedagojia ya upande ule, kesho ni biashara ya upande huu. Mtu anapiga simu toka Kinshasa kusema "imeshatoka", kumbe ni ya kwao. Mtoto hakumbuki tena chakula. Kule juu migodini vijana wanapanda kilima kutafuta rezo, telefone moja, kodi za wanafunzi kumi, na SMS ikigoma kila mtu anarudi kukaa chini.

Halafu inaingia. Kwa wengine ni pudre kichwani, vigelegele, motari wanapiga klaksoni barabara nzima ya Baraka, mama anatafuta jogoo. Furaha ile hatuikatazi. Baba aliyelipa minervali miaka yote hii kwa jasho la shimo, mwache acheze. Elimu ya bure iliyoanza 2019 ni ya shule ya msingi tu. Sekondari tunaendelea kulipa, na pesa ya kushiriki Exetat tunalipa pia. Lakini kuna nyumba ya jirani ambako hakuna pudre, na leo tunazungumza na nyumba ile.

Sisi wa sendika tunasomaga matokeo kwa njia ingine: tunahesabu sura mpya kwenye mashimo. Kijana ameanguka siku ya Ijumaa, Jumatatu iko anabeba kiloba cha mawe. Mara nyingi hakuna aliyemtuma, ni haya tu inamkimbiza nyumbani. Mara ingine ni baba mwenyewe alisema kwa hasira: "Sasa njoo uone pesa yangu ilikuwa inatoka wapi." Kijana anasema ni kidogo tu, apate ya kurudilia mwaka. Sasa sisi wachimbaji tunajua shimo linavyoshika mtu. PDG anakulisha, anakupa buti na toshi, unaandikwa kwenye daftari, utalipa siku shimo litakapotoa. Shimo lisipotoa, deni linabaki. Mwezi wa tisa shule zinafungua, kijana iko na deni la miezi miwili, na hawezi kuondoka. Wangapi tunawajua walioingia "kwa likizo" na leo wako na watoto wao wenyewe pale pale?

Kama hajatimiza miaka 18, ni neno la sheria pia. Kodi ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inakataza mtoto kwenye uchimbaji, na karte ya mchimbaji ni ya mtu mzima. Mtoto aliyeumia ndani hana karatasi yoyote ya kumtetea.

Kwa wasichana shimo lina jina lingine. Matokeo mabaya yakiingia asubuhi, jioni wajomba wameanza kuhesabu mali ya ndoa. Mama zetu wenye kutwanga mawe wanajua habari hiyo kuliko sisi, juu wengi wao walianzia hapo.

Tuseme basi hesabu ni nini. Diploma inatoka kwa asilimia 50. Mwenye 48 hakupewa cheti cha ujinga. Amekosa kidogo katika mtihani ambao maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu. Iko na milango miwili. Anaweza kurudilia 4 ya humanités shuleni. Ao anaweza kujiandikisha kama otodidakti: anapita kwanza mtihani wa mwanzo, akifaulu ule anaruhusiwa kwenye Exetat pamoja na wengine. Mlango huu wa pili wengi hawaujui, ao wanaujua wakati umeshafungwa. Kwa hiyo msingoje kilio kiishe: muende kwa inspeksio mara moja, muulize tarehe na bei. Na kama kodi ya mtoto haionyeshi kitu, muanzie kwa prefe, msianzie kwa fimbo.

Kuna na maumivu ya pili ambayo watu wanayacheka: yule aliyefaulu lakini asilimia haitoshi kwa alichotaka. Binti amepata 54, alikuwa anaota udaktari, na vitivo vya udaktari vinachagua: asilimia ya juu, ao mtihani wao wenyewe wa kuingia. Mwingine amepata nyingi kweli, akajaribu Excellentia, ile bourse ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi, akakosa. Bourse ile inatafuta wachache kati ya wenye asilimia za juu kabisa nchini, na inawapima tena. Kukosa pale si kufukuzwa shule. Lakini jirani anapita na kusema "mtoto wangu 70", na baba anageukia binti wake mbele ya watu. Juu ya nini? Mwenye 54 iko na D6 mkononi. Ualimu, uuguzi, maendeleo ya vijijini, milango iko.

Shida yetu zaidi ni njia. Tangu mwezi wa pili 2025 Bukavu iko mikononi mwa M23, na familia nyingi zinaangalia Kalemie ao Lubumbashi. Muhesabu nyumba ya kupanga na chakula pamoja na pesa ya chuo, mbele ya kuuza shamba.

Siku yenyewe ya matokeo, mambo ni madogo. Msiulize asilimia mbele ya wageni. Mtoto ale. Usiku ule asilale peke yake, awe na kaka ao dada karibu, hasa kama amenyamaza sana. Tunasema hivi kwa uzito. Shauri la mwaka kesho lingoje siku tatu, nne.

Kwa upande wetu tumeleta maombi mawili. Ya kwanza ni kwa vikundi vya likirimba: zamu ya mwezi wa tisa ipewe mwenye mtoto anayerudilia. Ya pili ni kwa ma-PDG: kati ya matokeo na kufunguliwa kwa shule, wasiandike mwanafunzi hata mmoja kwenye daftari la deni. Wawili wamekubali. Wa tatu alituuliza nani atambebea mawe. Tulimwonyesha wanaume waliokaa pale kando bila kazi, akasema atafikiri. Tutarudi kwake wiki hii.