Majivu ao Mchanga: Rangi Gani ku Ukuta wa Nyumba?

Leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo lenye kuonekana dogo, lakini linaweza kula pesa ya mwezi: rangi ya ukuta.

Juzi tulitembelea nyumba ya mchimbaji mmoja hapa Lubumbashi. Pesa ilitosha ndoo moja tu, ya saloni. Mama alitaka rangi ya majivu, Baba alitaka rangi ya mchanga. Ukitazama haraka, zote mbili ni karibu sawa: rangi tulivu, hazipigi kelele.

Mama alisema: «Baba, ya majivu njo inafaa, iko na heshima.»

Baba akajibu: «Mama, majivu miye naiona kila siku kule chini. Majibwe yote iko vile. Ku nyumba nataka macho yapumuzike.»

Tuliwaomba wasinunue ndoo kwanza. Fundi wa rangi aliwapatia kopo ndogo ya kila moja. Wakapakaa vipande viwili vikubwa ku ukuta wa saloni, mara mbili, kisha vingine ku jikoni ya nje. Wakangoja vikauke, juu rangi ya maji ikiwa mbichi inadanganya: mara nyingi ikikauka inakuwa nzito kidogo. Siku tatu walitazama asubuhi, saa sita na usiku.

Dirisha la saloni linatazama kusini. Huku kwetu, ku kiangazi jua inapita upande wa kaskazini, basi dirisha lile linapata mwangaza wa baridi tu. Pale majivu iligeuka kama bluu, na usiku chini ya ampule nyeupe ikazidi. Mchanga ilibaki na joto yake. Tena vumbi nyekundu, ile inaingia hata mukifunga mlango, ilionekana upesi juu ya majivu. Juu ya mchanga, haikuonekana sana.

Lakini Mama hakushindwa yote. Ku jikoni, karibu na mbabula, moshi ulichafua mchanga mbele ya siku tatu kuisha. Majivu iliuficha vizuri.

Basi wakanunua ndoo ya mchanga kwa saloni, na majivu iliyobaki ndani ya kopo ikatosha nyuma ya mbabula.

Nanyi pia, musichague rangi ku duka. Mwangaza wa duka si mwangaza wa nyumba yenu. Pakaeni kidogo, ngojeni, tazameni pamoja, kisha mutoe pesa.

Tulipopita tena, Baba alikuwa ametoka kazi ya usiku. Alilala ku kiti ya saloni, hata viatu hakuvua. Mama akatuambia polepole: «Mumuache. Macho yake inapumuzika.»