"Injinia, Hizi Nyie Mnatengeneza Lini?"

Nakaa Buguruni kwa Mnyamani, nyumbani kwa mjomba. Siku ambazo sina kipindi huwa namsaidia kwenye meza yake ya ufundi simu Kariakoo, mtaa wa Aggrey. Jumamosi moja alikuwa anang'oa chipu kwenye simu iliyoingia maji. Akaiinua kwa kibano, akanionyesha. "Injinia, mwaka wa nne huu. Hizi nyie mnatengeneza lini?"

Mafundi wa meza za jirani wakacheka. Na mimi nikacheka, ila kwenye daladala la kurudi lile swali likanikaa kooni. Mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni saketi ya kupima umeme wa kila chumba, kwa nyumba za kupanga zinazochangia Luku moja. Nikishautetea mbele ya jopo, safari yake inaishia kabatini, kama ya kaka na dada zangu walionitangulia.

Ile chipu ilikuwa ya Qualcomm. Nikaamua kufuatilia ilikoanzia. Kumbe ilianzia darasani.

Irwin Jacobs alikuwa mwalimu wa chuo kikuu. Alianza kufundisha MIT mwaka 1959, na mwaka 1966 akahamia Chuo Kikuu cha California, San Diego. Eneo lake lilikuwa nadharia ya mawasiliano: ujumbe unafikaje salama kwenye njia yenye kelele? Si unajua Kariakoo saa kumi jioni, kila machinga ana kipaza sauti, halafu wewe unataka kumsikia mtu mmoja tu? Ndiyo hesabu yenyewe.

Mwaka 1968 yeye na wenzake, akiwemo Andrew Viterbi, wakaanzisha Linkabit. Usidhani walianza na kiwanda. Walianza kwa kuuza ushauri, kazi ya pembeni huku wakiendelea kufundisha. Kazi ikazidi, Jacobs akaomba likizo chuoni, na mwaka 1972 akaacha kabisa kufundisha. Linkabit iliuzwa mwaka 1980. Mwaka 1985 watu saba, yeye akiwa mmoja wao, wakaanzisha Qualcomm.

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili. Wazo lao kubwa lilikuwa CDMA: simu nyingi zinaongea kwa wakati mmoja kwenye masafa yaleyale, kila moja na msimbo wake. Wataalamu wengi wa simu walilitilia shaka. Sasa kampuni iliishi kwa nini? Malori! Mwaka 1988 walianza kuuza OmniTRACS, mtambo wa setilaiti unaomwonyesha mwenye malori gari lake liko wapi. Hela ya malori ikasaidia kulipia utafiti wa CDMA, hadi mwaka 1993 ilipokubaliwa kuwa kiwango Marekani.

Baadaye waliuza biashara ya mitambo ya minara kwa Ericsson, na ya kuunda simu kwa Kyocera. Wakabaki na usanifu wa chipu na leseni za hataza. Chipu zenyewe hutengenezwa na viwanda vya wengine, kama TSMC ya Taiwan, iliyoanzishwa mwaka 1987 kwa kazi hiyo hiyo. Ni kama mbunifu wa nguo anayechora mtindo, halafu fundi cherehani anashona. Kiwanda cha chipu za kisasa kinakula mabilioni ya dola. Usanifu nao si rahisi, lakini unaanzia kwenye kompyuta na kichwa.

Na mambo haya hayako Marekani tu. Nyeri, Kenya, ipo Semiconductor Technologies Limited ya Anthony Githinji, ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Mei 2024, Rais Ruto alipozuru Washington, Marekani ilitangaza nia ya kushirikiana na Kenya kwenye sekta hii. Tena tangu mwaka 2020, Google na kiwanda cha SkyWater wameweka wazi mafaili ya kusanifia chipu za nanomita 130. Unayapakua bure. Kuitengeneza ndiyo kunataka hela, ila kujifunza kusanifu unaweza ukiwa hapo hapo hosteli.

Kwa hiyo wewe mwenye wazo kubwa, jiulize kwanza: malori yako ni yapi? Yaani, ni tatizo gani dogo ambalo mtu yuko tayari kulilipia sasa hivi, likalisha lile kubwa?

Yangu nadhani nimeyaona. Ugomvi wa Luku. Nilikata kipande cha bumu, nikafunga saketi yangu vyumba viwili hapo tunapoishi. Wiki ya pili mama mwenye nyumba akaniita uani. "Mwanangu, na vile vinne vilivyobaki utanifungia kwa shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka minne nimefundishwa kukokotoa volti, bei sijawahi kukokotoa. Usiku ule nilikaa na daftari nikaorodhesha kila kifaa na gharama yake.

Mjomba bado anauliza lini. Namjibu, "Mjomba, kwanza Luku."

Jopo langu ni mwezi ujao. Ile saketi haiendi kabatini.