Kichujio Gani cha Redio? Ushauri kwa Parokia Inayonunua



Wazee wetu wanaikumbuka redio koli, iliyokuwa parokiani kabla ya simu za mkononi. Hata leo, Mto Songwe ukifurika na mnara wa simu ukazima, redio ya mawimbi mafupi yaweza kufikisha ujumbe kutoka Ngana hadi Mbeya bila mnara wowote. Mtakatifu Maximilian Kolbe, Mfransisko wa Polandi, anatajwa miongoni mwa wanaridhaa wa redio kwa alama ya mwito SP3RN.

Anayetaka kununua redio ya namna hii hukutana na swali la vichujio. Kichujio ni kama chekeche. Matundu makubwa hupitisha mchele pamoja na mawe; matundu madogo mno huzuia mawe, lakini na mchele nao hubaki juu. Upana wake hupimwa kwa hezi.

Kwa mazungumzo ya kawaida ya SSB, chagua kilohezi 2.4. Upana huo unatosha sauti ya mtu kueleweka. Vituo vikisongamana, 1.8 husaidia, ila herufi kama s na f hufifia, na "amefika" yaweza kusikika kama "ameshika". Katika habari ya mgonjwa, tofauti hiyo si ndogo. Kwa alama za Morse, hezi 500 zinatosha: kichujio hicho hupitisha takriban sehemu moja ya tano tu ya kelele zinazopita kwenye kile cha 2.4. Cha hezi 250 ni chembamba zaidi, lakini kituo kikisogea kidogo tu unakipoteza.

Mahali nako kuna maana. Barani Afrika wanaridhaa hutumia megahezi 7.0 hadi 7.2, na kuanzia 7.2 ni vituo vikubwa vya utangazaji. Usiku vituo hivyo huvuma kwa nguvu. Hapa kinachofaa ni kichujio cha fuwele kilichowekwa mapema katika njia ya mawimbi, kabla kipokezi hakijalemewa. Redio nyingi mpya huchuja kwa hesabu za kidijiti, na upana hubadilishwa kwa kitufe. Hiyo ni nafuu kubwa, lakini mawimbi yakiwa yamekwisha kulemea sehemu za mwanzo za kipokezi, hesabu za mwishoni haziwezi kurekebisha yote.

Tena, kichujio hakiondoi kelele iliyo ndani ya masafa yaleyale unayosikiliza. Radi za masika hubaki. Kichujio chembamba mno huzifanya zilie kama kengele. Kelele za kidhibiti cha umeme wa jua nazo hubaki. Kizime kwanza usikilize. Pengine hutahitaji kununua kitu.

Kwa hiyo, kwa parokia yenye fedha kidogo, mpangilio ni huu: kwanza antena nzuri, pili kuondoa kelele za nyumbani, tatu kichujio cha 2.4 kilicho bora. Cha hezi 500 kinunuliwe pale tu atakapopatikana mtu anayejua Morse. Na kabla ya kurusha neno lolote hewani, pateni leseni ya TCRA.