USIKIMBILIE KUVUTA MGONGO

Leo tuzungumze juu ya maumivu ya mgongo na kiuno. Hakuna mkulima asiyeyajua. Tunalima tukiwa tumeinama. Tunabeba maji, kuni na magunia. Hata watu wa mijini na wa nchi tajiri huumwa. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 waliumwa kiuno. Hao ni karibu mtu 1 katika kila watu 13.

Jambo lililotokea

Msimu uliopita wa mavuno, ndugu mmoja alinyanyua gunia la mahindi. Mgongo ukamkaza ghafula. Alikuja zahanati, nami nikampa vidonge vya kutuliza maumivu. Akarudi nyumbani.

Huko majirani walimshauri avutwe mgongo. Walimfunga kamba chini ya makwapa, wakamning'iniza kwenye boriti. Vijana wawili wakamvuta miguu. Akining'inia alipata nafuu. Akishuka, maumivu yalirudi. Wakaendelea hivyo siku mbili, ingawa alisema kuwa makalio yanakufa ganzi.

Siku ya tatu miguu ilikosa nguvu na mkojo ukagoma kutoka. Tulimkimbiza hospitali, na huko akapasuliwa. Leo anatembea kwa fimbo. Jembe bado hajalishika.

Sisemi kuwa kamba ndiyo iliyomwumiza. Lakini ilimpotezea siku mbili ambazo hakuwa nazo. Mimi pia nina kosa. Siku ile ya kwanza sikumweleza dalili za hatari. Ndiyo sababu ninawaeleza ninyi.

Mgongo umejengwaje?

Mgongo una pingili za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Pingili 24 za juu ndizo zinazotuwezesha kuinama na kugeuka. Kati ya pingili na pingili kuna kipande laini chenye maji ndani, mfano wa mto mdogo. Mchana uzito wa mwili hukibana, maji yakapungua. Usiku tukilala, hunyonya maji tena. Kwa hiyo mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni.

Ukinyanyua mzigo mzito vibaya, kipande hicho huweza kutokeza nje na kubana mishipa ya fahamu. Hapo maumivu hushuka mpaka mguuni.

Je, kuvuta kunasaidia?

Kuvuta mgongo si jambo geni. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, huko Ugiriki, wagonjwa walifungwa kwenye ngazi na kutikiswa. Siku hizi kuna vifaa vya kununua. Iko mikanda ya kujaza hewa. Ziko meza za kumgeuza mtu kichwa chini, miguu juu. Wauzaji husema kuwa vifaa hivyo huachanisha pingili.

Ni kweli kwamba mgongo ukivutwa, pingili huachana kidogo, na wengine huona nafuu. Lakini mtu akisimama, uzito wa mwili unarudi palepale. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Halikushauri kuvuta mgongo, wala kuvaa mikanda ya kiuno. Lilishauri mgonjwa aelimishwe na afanye mazoezi.

Tena, kumgeuza mtu kichwa chini hupandisha shinikizo la damu na la macho. Mwenye ugonjwa wa presha, mwenye presha ya macho na mama mjamzito wasijaribu kabisa. Basi usiuze mbuzi ili ununue kifaa cha namna hiyo.

Fanya hivi nyumbani

1. Lala chali juu ya mkeka. Kunja magoti, uweke miguu juu ya kigoda. Kaa hivyo dakika 10 au 15. Mgongo unapumzika, wala hulipi hata senti.

2. Usilale kitandani siku nyingi. Tembea kidogo kidogo, uongeze kila siku. Mgongo hupenda kazi ndogo kuliko kulala.

3. Kanda kiuno kwa kitambaa cha maji ya moto. Angalia usijiunguze.

4. Ukinyanyua mzigo, chuchumaa. Ulete mzigo karibu na kifua, kisha inuka kwa nguvu za miguu. Usijipinde huku umebeba.

5. Gunia likiwa zito, ligawe au mbebe watu wawili. Kuomba msaada si uvivu.

Wengi hupata nafuu katika majuma machache.

Dalili za hatari

Nenda hospitali leo hii, usingoje kesho, ukiona haya:

– Mkojo hautoki, au mkojo na choo vinatoka bila kujua.
– Sehemu za siri au makalio yamekufa ganzi.
– Miguu imekosa nguvu.
– Maumivu yameanza baada ya kuanguka kutoka juu au kugongwa na gari.

Fika zahanati upimwe mapema ikiwa mgongo unauma pamoja na homa, kukonda au jasho la usiku. Huenda ni kifua kikuu cha mifupa ya mgongo. Ugonjwa huu una dawa. Ukichelewa, huleta kibyongo au kupooza.

Ndugu wasomaji, mwenye dalili hizi asivutwe, asikandwe kwa nguvu, wala asikanyagwe mgongoni. Mlazeni juu ya ubao au kitanda kilichonyooka, mtafute usafiri upesi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mtu huwa mrefu zaidi asubuhi kuliko jioni?
2. Taja dalili tatu za kumpeleka mgonjwa wa mgongo hospitali siku hiyo hiyo.
3. Katika kijiji chenu, ni kazi gani za kubeba mizigo mnazoweza kusaidiana?