Sikio la Dhegdheer

Sisi watu wa pwani tumelelewa na ngano za zimwi, na zimwi letu aghalabu ni mgeni: hutoka mwituni, akatisha watu, akarejea alikotoka. Wasomali wanayo ngano iliyo nzito kuliko hizo. Utaisikia Habaswein, mji ulio njiani baina ya Garissa na Wajir, ambao jina lake ni vumbi jingi. Na ukiisikia usiku, usingizi hauji upesi.

Dhegdheer maana yake ni Sikio Refu. Ni mwanamke mwenye sikio moja refu mno, asikiaye nyayo za mpita njia kutoka mbali, tena mwenye mbio zisizo kifani. Amkamataye humla. Lakini huyu si mnyama wala si jini. Ana nyumba, ana jungu, na ana binti.

Siku moja mama maskini na mwanawe, wamechoka na njia, hufika nyumbani hapo. Binti huwaficha. Dhegdheer akirudi na kunusa harufu ya watu, binti humdanganya, na mamake akishalala humtia mafuta ya moto katika sikio lile. Wako wasimuliao vingine, na mabinti wakazidi mmoja. Lakini mkono wa mtoto na sikio la mama ndivyo nilivyovishika mimi.

Mfugaji wa nchi ile hujua kuwa mgeni ana haki yake ya maziwa, kwani kesho mgeni ni yeye. Dhegdheer ameigeuza haki hiyo juu chini. Na hofu hiyo si ya kubuni tu: tangu mwishoni mwa 2020 hadi 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, mizoga ya ng'ombe ikatapakaa Wajir. Njaa humjaribu mtu hata kwa aliye mlangoni pake.

Bali linalonikereketa ni yule binti. Sisi tuliochapwa chuoni tukihifadhi Surat Luqman twajua kwamba mzazi akiamrisha uovu hatiiwi, lakini huishi naye kwa wema. Je, mafuta yale ni wema gani? Na asingeyamimina, damu ya mgeni ingekuwa juu ya nani? Naona binti hakuwa na njia iliyo safi, na hilo ndilo linaloifanya ngano hii ikae moyoni, ilhali zimwi letu twamcheka tukishakua. Mwaka 2007 Marian Hassan aliichapisha Marekani, kule Minnesota, kwa Kisomali na Kiingereza, watoto waliozaliwa kwenye theluji wapate kuogopa kama bibi zao.

Wasimulizi wengi humaliza kwa haraka: Dhegdheer kafa, mvua ikanyesha, nchi ikawa kijani. Lau ningepewa kalamu mimi, ningeanzia hapo, asubuhi ya pili, mvua ingali ikinyesha, na binti anatafuta sanda.