Dawa za Kiayurveda: je, kila cha asili ni salama?

Yeoville ni mtaa wa Johannesburg unaokaliwa na wahamiaji wengi kutoka Kongo, Zimbabwe na Nigeria. Mkazi wake anayetafuta dawa za asili hana safari ndefu. Soko la Faraday, lenye mizizi na magome ya waganga wa Kizulu, limo katikati ya jiji, na upande wa magharibi, Fordsburg, yapo maduka ya Wahindi. Ayurveda ni tiba kongwe ya Bara Hindi, na wanunuzi wengi huamini kwamba kitokacho shambani hakimdhuru mtu.

Maabara zimeonyesha vingine. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima dawa 193 za Kiayurveda zilizonunuliwa kupitia intaneti. Takriban moja katika kila tano ilikuwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki. Zilizotengenezwa Marekani hazikuwa na nafuu kuliko za India, na robo tatu ya zilizokutwa na madini hayo zilijinadi kwamba zimefuata kanuni bora za utengenezaji. Lebo, basi, haikumsaidia mnunuzi.

Sumu hiyo huingiaje? Wakati mwingine ni kwa udongo uliochafuka. Lakini liko tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra, ambalo huchanganya madini kwa makusudi. Waganga wake hushikilia kwamba metali ikichomwa na kusafishwa ipasavyo huondokewa na madhara. Hata hivyo, hospitali za nchi kadhaa zimewapokea watumiaji wa dawa hizo wakiwa na risasi nyingi mno katika damu.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mgonjwa husokotwa na tumbo, hufunga choo, huchoka na kupungukiwa damu. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Dalili hizo ni za maradhi mengi, na daktari asiyeambiwa habari ya dawa hizo si rahisi afikirie kupima risasi.

Si haki kuinyoshea kidole India peke yake. Impila, mzizi ambao jina lake la Kizulu huhusishwa na afya, huharibu ini na figo, na umeua watu, wakiwemo watoto wadogo.

Kwa mhamiaji wa Yeoville, kumweleza daktari kuna ugumu wa ziada: kwanza amfikie. Mwaka 2025 wafuasi wa kundi la Operation Dudula walisimama kwenye milango ya zahanati za Johannesburg, ikiwemo ya Yeoville, wakiwarudisha wageni. Novemba mwaka huohuo Mahakama Kuu ililizuia kundi hilo kuendelea na vitendo hivyo.

Anayefanikiwa kuingia na achukue kopo la dawa yake, hata likiwa tupu. Kiasi cha risasi hujulikana kwa kupima damu, na hatua ya kwanza ya matibabu ni kuiacha dawa yenyewe.