Akikwambia ni 'sure bet', muulize dola ni ya nani

Umewahi kutumiwa ujumbe kama huu: "Boss, hii ni sure. Hiyo imeenda"?

Mimi niliupata Ijumaa moja jioni, nikiwa na Sh18,000 za karo kwenye simu. Nilifaa kuzilipa chuoni Jumatatu. Kufikia Jumapili usiku nilikuwa nimebaki na Sh340.

Tulia, sitakuhubiria kuhusu kamari. Hotuba hizo umeshazisikia. Nataka tuongee kuhusu maneno, kwa sababu kilichoninasa si timu, ni maneno. Jamaa aliyekuwa akituuzia ubashiri mtandaoni hakuwahi kusema "nadhani". Alisema "dead cert". Alisema "you can bet your bottom dollar". Kizungu kimenyooka, nami nikaona mtu anayeongea hivyo lazima anajua kitu.

Basi hebu tuyapekue hayo maneno.

Yametoka kwa farasi

"Dead cert" ni lugha ya Waingereza wa mbio za farasi. "Dead" hapo haina habari na maiti, maana yake ni "kabisa". Ni farasi ambaye eti hawezi kushindwa. Sasa jiulize: kama kweli hawezi kushindwa, ni nani angekubali kuweka pesa upande wa pili?

"Hands down" pia imetoka hukohuko. Mpanda farasi aliyewaacha wenzake mbali alishusha mikono na kulegeza hatamu, kwa sababu hakuwa na haja ya kumhimiza farasi tena. Lakini huyo alikuwa anakaribia kumaliza! Sisi tunasema timu itashinda "hands down" hata kabla mechi haijaanza.

Ngoja usikie ya "shoo-in". Siku hizi ni mgombea ambaye ushindi wake hauna shaka. Neno hili lilitoka kwa mbio za farasi za Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. "Shoo" ni ile sauti ya kufukuza kuku. Wapanda farasi walikuwa wanapanga matokeo mapema, wanawazuia farasi wao makusudi, halafu wanamwacha mmoja apite mbele kama kuku anayeswagwa bandani. Yaani hakika yenyewe ilikuwa ya wizi. Mechi za kupangwa hazikuanza na simu yako.

Mzee aliyekataa kuapa

Mwaka wa 1789, Benjamin Franklin alimwandikia rafiki yake Mfaransa, Jean-Baptiste Le Roy, kuhusu Katiba mpya ya Marekani. Franklin alikuwa mmoja wa waliotia sahihi Katiba hiyo. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kujigamba, ni yeye. Lakini alisema tu kwamba inaonekana itadumu, kisha akaongeza kuwa duniani hakuna la hakika ila kifo na ushuru.

Msemo huo ulikuwepo hata kabla yake, ila yeye ndiye aliyeupa umaarufu. Aprili 1790 akafariki. Na sisi huku, ushuru tuliupinga barabarani Juni 2024, na baadhi ya wenzetu wakakutana na kifo hukohuko. Hatuhitaji kufafanuliwa.

Ona tofauti. Mwenye kujua mambo alisema "inaonekana". Jamaa wa mtandaoni alisema "dead cert".

Soma tena neno moja

Sasa turudi kwa "bet your bottom dollar". Huu ni msemo wa Wamarekani wa karne ya 19. "Bottom dollar" ni ile dola iliyo chini kabisa ya rundo lako, ya mwisho uliyo nayo.

Lakini angalia vizuri: ni "your". Dola yako. Anayeapa ni yeye, pesa ni zako.

Siku nilipoligundua hilo, nilielewa Ijumaa yangu yote. Jamaa alikuwa ameshachukua Sh500 zake za ubashiri kabla mpira haujapigwa. Katika hadithi hiyo nzima, yeye tu ndiye aliyekuwa na hakika.

Shuleni tulikariri methali za kupamba insha. Moja ilikuwa "usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa". Niliiandika mara ngapi? Nikapata alama. Sikuwahi kufikiria kwamba ilikuwa inanisema mimi.

Jumatatu mama aliuliza, "Karo umelipa?"

Nikamjibu, "Hundred percent, mum."

Ndiyo, nami pia nilijificha nyuma ya neno la hakika. Sikurudi chuoni muhula huo, wala uliofuata.

Kwa hivyo ukiambiwa "guaranteed" na ajenti wa kazi ya ng'ambo, "it's a done deal" na muuza ploti, au "iko sure" na rafiki mwenye biashara mpya, usibishane. Muulize swali moja: "Wewe umeweka ngapi?" Kisha nyamaza usikilize jibu linavyochelewa.

Mimi siku hizi nikiulizwa kama nina uhakika, najibu "nadhani". Mama hucheka. Zile Sh18,000 namrudishia polepole, nimebakisha Sh6,000. Nadhani nitamaliza kabla ya Krismasi.

Lakini usiweke pesa.